Maji ya Grini ya Sita

Vijana wangu wa Mandewa, kila mkinikuta nimekaa barazani mnaniuliza lilelile: hivi gofu ni nini hasa, na mtu wa Ihanja aliingiaje huko? Mnauliza huku mnacheka, maana mmeona kwenye simu watu wazima wakipiga kijipira kidogo kisha wanakifuata kwa gari. Siwalaumu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza, halafu nikakaa kwenye kichekesho hicho miaka ishirini na sita, nikitunza nyasi za uwanja wa gofu kwenye hoteli moja ya pwani. Sasa nimestaafu, nimerudi kulima vitunguu, na nimeamua kuandika ili nikichoka kujibu niwape karatasi mkasome wenyewe.

Kwanza mjue kwamba uwanja wetu ulikuwa mfupi. Uwanja wa kawaida wa gofu, shimo moja tu linaweza kukutembeza mpaka ukaanza kuulizia chai. Wetu ulikuwa na mashimo tisa, na lile refu kuliko yote lilikuwa hatua mia na ishirini za miguu yangu. Wageni waliokuja kuogelea na kula samaki waliucheza kabla jua halijawa kali, wengine pekupeku, kisha wakarudi ufukweni. Kila shimo lina mahali pa kuanzia kupiga, na mwisho wake kuna duara la nyasi zilizokatwa fupi sana, laini, ambalo sisi tuliliita grini. Ndani ya grini ndimo kinamokaa kikombe, yaani tundu la kuingizia mpira, chenye bendera. Kazi yangu ilikuwa hizo grini.

Niliingia kwa bahati. Dada yangu Mwajuma aliolewa huko, nikaenda kumsalimia, nikabaki. Niliomba kazi ya jikoni, wakasema jikoni pamejaa ila kwenye nyasi wanatafuta mtu. Nikasema nyasi nazijua tangu utotoni. Hawakuniuliza kama nazijua kwa kuzikata au kwa kuzilisha ng'ombe, nami sikuona sababu ya kufafanua.

Mkuu wa uwanja aliitwa Mzee Kombo, mtu wa hukohuko pwani, mfupi, hana subira hata ya kungoja uji upoe. Jina langu ni Zaina lakini hakuwahi kulitamka. Aliniita Singida, mkoa niliotoka. Siku ya kwanza alinipa kazi ya kuweka sawa shimo la mchanga, lile ambalo mpira ukiingia mchezaji anapata taabu kuutoa. Nikaangalia, nikaona mchanga umejaa majani na haupendezi. Nikatafuta ufagio wa chelewa nikafagia vizuri, nikautia mistari kama tunavyofagia uwanja nyumbani kukiwa na mgeni, nikanyunyiza maji kuzuia vumbi, nikaukanyaga mpaka ukashikana. Mgeni wa kwanza akapiga, mpira ukadunda juu ya mchanga ukatoka wenyewe, akafurahi mno. Mzee Kombo alikuja akausukuma kwa kidole cha mguu.

"Singida, huu ni mtego, si sebule," akasema, akanipa reki.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja ambao sijapona mpaka leo, wa kutaka kujua kitu kilivyo ndani. Niliokota mpira mkuukuu uliopasuka ganda, nikaukata kwa kisu cha jikoni. Ndani nikakuta uzi wa mpira mwembamba, umezungushwa umezungushwa, nikauvuta mchana kutwa ukafika kutoka banda la mashine hadi kwenye minazi. Niliwaita wenzangu waje waone, na wote wakaacha kazi kuja kuona. Siku iliyofuata nikakata mpira mpya, nikakuta ndani ni kitu kigumu kitupu, hakuna uzi wala nini, nikasikitika kana kwamba nimeibiwa. Mzee Kombo aligundua vipande, akasema nikiendelea hivyo nitampasua na yeye nione kilichomo.

Yeye ukimuuliza swali alikujibu kwa kukutuma. Nilimuuliza kwa nini kwenye grini ya tatu mpira unakwenda mbio kutoka upande mmoja na unakawia kutoka upande wa pili, ilhali ardhi ni tambarare. Akanituma nikalale kifudifudi, nitazame nyasi usawa wa jicho. Nililala pale wageni wakinipita. Nikaona nyasi hazisimami wima, zote zimeegemea upande mmoja. Basi shikeni hili, litawafaa mkienda kutafuta kazi kwenye hoteli: ukisimama nyuma ya mpira ukaona nyasi zinang'aa, ujue zimelala kukukimbia, gusa kidogo tu. Ukiziona zimekoza rangi, zimelala kukuelekea, ongeza mkono. Nimewahi kumnong'oneza hivyo bibi mmoja mgeni mwenye goti bovu, naye akawashinda wanawe watatu wenye misuli, na jioni akanitafuta jikoni kunishika mkono.

Na sisi tulicheza. Jumatatu uwanja ulifungwa asubuhi ili tukate nyasi, na tukishamaliza tuliruhusiwa kuzunguka mashimo yote, kila mtu na fimbo moja. Wageni walikuja na begi zima la fimbo kwa shimo la hatua sabini, sisi kwa fimbo moja tulijifunza zaidi. Mwanzoni nilipiga kwa mikono ya jembe, nikang'oa bonge la udongo na mpira ukabaki palepale ukinitazama. Wenzangu walinipigia makofi wakisema mvua ikinyesha nipande mtama. Tatizo langu jingine lilikuwa upepo wa bahari. Nilirusha mpira juu kwa fahari, upepo ukaurudisha. Mzee Kombo, ambaye hakuwa na nguvu ya kurusha kitu chochote, aliuburuza chini kwa chini, ukadunda, ukabingirika, ukapanda grini taratibu kama mtu anayerudi kwake. Alinifunga kila Jumatatu kwa miaka mitatu, na hakuwahi kujifanya anasikitika.

Kwenye uwanja wa pwani kuna pia habari ya kaa. Hutoboa mashimo popote, na sheria ya mchezo inasema mpira ukitua kwenye shimo la mnyama unautoa bila adhabu. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuamua shimo ni la kaa au ni la kisigino cha mtu. Niliitwa shahidi mara nyingi. Nilichunguza mpaka nikajua: kaa akichimba hurundika mchanga upande mmoja, vidongevidonge, kisigino hakirundiki kitu. Wanasheria wawili wakubwa waliwahi kubishana mbele yangu juu ya shimo moja, nikatoa hukumu, na wote wawili wakaitii.

Lakini kisa ninachotaka mkijue ni cha grini ya sita, na ndani yake mwenye kosa ni mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne. Kiangazi kilikuwa kirefu, maji ya bomba yakawa ya wageni tu, na uwanja ukaanza kutumia kisima kilichochimbwa ndani ya eneo la hoteli, karibu na ufuko. Grini nyingine zilikuwa na mabomba ya kujirushia maji yenyewe. Ya sita ilikuwa mbali, nyuma ya vichaka, ikimwagiliwa kwa mpira wa maji, na ilikuwa yangu peke yangu. Mzee Kombo alinipa maagizo: kila siku ya tatu, alfajiri, fungua maji yaingie mpaka chini kabisa, hata kama utaona unayapoteza.

Nikasema ndiyo, mzee. Na sikufanya.

Ninyi mmekulia mjini na bomba, lakini waulizeni bibi zenu. Kwetu Ihanja nilikotoka, maji ya kuoshea mchele yalinywesha kuku, ya kuogea mtoto yalikwenda kwenye mche wa mpapai, na ukimwaga kikombe bure mama alikutazama mpaka ukatamani kukizoa. Mimi nilibeba ndoo kichwani kabla sijajua kusoma. Nilipofungua ule mpira na kuona maji yanazama ardhini bila mtu kuyanywa, iliniuma kana kwamba mama ananitazama. Nikafunga. Nikaamua kuwa na akili kuliko mkuu wangu: nikawa nanyunyiza kidogo kila jioni, kama mchicha. Nyasi zikalowa juu, zikapendeza. Nilijisifu moyoni. Nilisema ipo siku watagundua kisima hakijapungua, waulize nani kafanya hivi, nami nitasema ni mimi.

Mwezi wa pili wa kunyunyiza nyasi zikaanza kuwa njano kwa mabakamabaka. Nikaongeza kunyunyiza. Zikafa. Mtaalamu akaletwa, akasema ni ukungu, akapulizia dawa, zikafa zaidi. Meneja akaja akasimama katikati ya grini ile akiwa na viatu vya ngozi, akasema msimu wa wageni uko karibu, na ikiwa haitarudi basi shimo la sita litafutwa, na pale pajengwe vibanda vya kulala. Kisha akamwandikia Mzee Kombo barua ya onyo kwa uzembe. Mzee alikuwa amefanya kazi pale miaka thelathini bila barua, na alibakiza miezi sita astaafu. Aliisoma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaikunja mara nne. Nilimwonea huruma sana, wala sikujua kwamba namhurumia mtu niliyemuumiza mwenyewe.

Siku hizo mama yangu alikuja kutoka Ihanja, Mwajuma alikuwa amejifungua. Nikamchukua aone kazi yangu. Alitembea mashimo yote akiuliza: nyasi hizi analishwa nani? Mpira ukiingia shimoni anapewa nini? Kwa nini wasichimbe shimo kubwa waingize kirahisi? Nilikuwa nacheka mpaka tulipofika ya sita, ambako Mzee Kombo alikuwa akikwaruza nyasi zilizokufa. Wakasalimiana kwa heshima, wakaulizana habari za safari na za mtoto. Mama akachuchumaa. Akakwangua kwa ukucha kitu cheupe kilichokuwa kama unga juu ya udongo, akaweka ulimini.

"Baba," akamwambia Mzee Kombo, "hapa mnalambisha ng'ombe?"

Mzee Kombo hakuelewa. Mama akamweleza kwamba kwetu, pembeni mwa ziwa la magadi, maji yakikauka kidogo kidogo huacha weupe ule ule, na ng'ombe hupelekwa kuulamba. Hapaoti kitu mpaka inyeshe mvua kubwa ya kuusukuma chini. Mzee naye akalamba. Kisha akageuka, akanitazama mimi.

"Singida. Hii grini unaimwagilia vipi?"

Ningeweza kusema uongo. Hapakuwa na shahidi. Lakini mama alikuwa amesimama pale, nami sijawahi kumdanganya mtu mbele yake nikafanikiwa. Nikasema nanyunyiza kidogo, kila jioni. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kisima. Hapo nikaelewa yote kwa mara moja: maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi, na mimi nilikuwa nayapa kidogo kidogo, jua linayanyonya, chumvi inabaki juu. Yangemwagwa mengi yangeshuka nayo. Mzee Kombo aliokota reki yake akaondoka. Nilitamani anitukane.

Kesho yake alinikuta bandani akaniambia nisiende kwa meneja. Alisema yeye anamalizia, mimi ndiyo naanza, na barua moja haiui mtu wa umri wake. Nilirudi nikamweleza mama, nikidhani atamsifu mzee kwa ukarimu. Mama alikuwa anamwogesha mjukuu, hakuinua hata kichwa.

"Mtu akibeba mzigo wako humshukuru, Zaina. Unamtua."

Nikaenda. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amependa ukweli wangu, akaniandikia na mimi barua. Ila ya Mzee Kombo haikufutwa, kwa sababu mkuu ndiye anayejibu kwa walio chini yake. Alitupa wiki sita, wageni wakianza kuingia atakuja kuiangalia grini mwenyewe. Mzee aliposikia nimekwenda alikasirika, siku tatu hakuitikia shikamoo yangu. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni adhabu kubwa kuliko barua.

Siku ya kufungua maji mkono wangu ulikataa. Mnaweza kucheka. Nilishika koki nikasimama nayo. Mama, aliyekuja kunitazama, aliuliza nangoja nini, akakinga kiganja, akaonja, akatema.

"Hata ng'ombe wetu wangegeuza shingo," akasema. "Mwaga."

Nikamwaga. Nilimwaga mpaka grini ikawa dimbwi, nikatoboa ardhi kwa uma wa chuma ili maji yashuke, nikamwaga tena. Mzee Kombo alisimama mbali akihesabu kwa saa yake ya mkononi, na kila nilipotaka kufunga alitikisa kichwa. Tulifanya hivyo kila siku ya tatu. Wiki ya tatu nikaona vichipukizi vya ukoka vikitambaa kutoka pembeni, vya kijani, vimeinama, kila kimoja kama kinatafuta kitu. Nililala kifudifudi kuvitazama. Nadhani sijawahi kutazama kitu kwa hamu kiasi hicho, hata wanangu.

Wiki ya nne meneja akaagiza Mzee Kombo achukue likizo zake zote zilizobaki, moja kwa moja mpaka siku ya kustaafu. Maana yake ni kwamba alikuwa ameondolewa kwa lugha nzuri. Grini ilikuwa bado na vipara. Wenzangu walitaka kumwandalia chai, akakataa. Alitundika reki msumarini, akatoka kwa geti la wafanyakazi, na barua ile ikabaki kwenye faili lake. Nililia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Wiki ya sita meneja alikuja, akatembea juu ya ukoka uliofunga vizuri, akasema vibanda vitajengwa kwingine. Wenzangu wakanipongeza. Niliwajibu ahsante, nikashindwa kula chakula cha mchana.

Kesho yake wageni walikuwa wanaanza. Sasa, kwenye gofu kikombe hakikai mahali pamoja. Kila asubuhi kinahamishwa ili nyasi zisichakae. Unachoma ardhi kwa chombo cha chuma cha duara, unatoa kipande cha udongo na nyasi zake, kirefu shubiri moja, na kipande hicho ndicho unachokwenda kuzibia shimo la jana. Nilichoma grini ya sita, nikatoa kipande, nikakigeuza kutazama chini. Mizizi ilikuwa myeupe, mirefu, imeshuka mpaka mwisho wa udongo. Wakati wa kunyunyiza kwangu haikuwa ikizidi ukucha. Nikakiweka kwenye ndoo, nikatoka getini, nikaenda nacho kwa Mzee Kombo.

Alikuwa uani kwake akisuka kamba ya kitanda. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Nikamwekea kipande mbele yake. Alikiinua, akakigeuza, akatandaza mizizi juu ya kidole chake cha kati, ikakipita. Nikasubiri neno zuri, nililistahili kidogo.

"Na shimo la jana," akasema, "umeliziba na nini?"

Sikuwa nimeliziba na kitu.

"Umeacha shimo wazi juu ya grini, na wageni wako njiani?"

Alivaa shati, akachukua kile kipande kwa mikono miwili, akatangulia. Tulipita barabarani watu wakimsalimia, naye anaitikia bila kusimama. Mlinzi wa getini alitutazama, akatazama udongo mikononi mwa mzee, akafungua. Meneja alikuwa kwenye kibaraza na wageni wawili. Alimwona, akasimama, na Mzee Kombo akampita akisema tu habari za asubuhi. Tukafika ya sita. Akapiga magoti, akakitumbukiza kipande, akakizungusha mpaka nyasi zake zikalala upande mmoja na za wenzake, akakanyaga kwa kisigino mara tatu. Ukitazama hukuona palipokatwa.

Akaniambia nimwagilie. Nikavuta mpira wa maji, nikamuuliza kiasi gani.

"Mpaka ikuume," akasema. "Halafu ongeza."